Matete na Samadi

Mahali ambapo kijito kinateremka kutoka mlimani na kuanza kwenda taratibu, udongo ukiwa mweusi na mguu ukizama hadi kifundoni, hapo ndipo kwao matete. Nazungumzia yale majani marefu yenye shina la pingili kama mua, jani pana lenye uti mweupe katikati na kingo zinazochana vidole. Watu wa Kagera wanayaita mabingobingo, wengine majani ya tembo, na Wakenya nepia. Yakiachwa bila kukatwa yanafika mita tatu au nne, na penye maji na rutuba yanapita hapo. Asili yake ni Afrika hii ya joto. Kabla panga halijayafikia, tembo na nyati walikuwa wakiyala kandokando ya mito na maziwa, na mnana alikuwa akichana majani yake ukanda kwa ukanda ili asukie kiota. Mnana bado anafanya hivyo.

Matete hayapandwi kila mwaka. Ukishayasimika, shina linakatwa, kisiki kinabaki, na kisiki hicho kinachipua tena na tena kwa miaka. Naamini sifa hii njema ndiyo imeyaponza. Kitu kinachochipua chenyewe tunakizoea upesi, na tukikizoea hatuulizi kinaishi kwa kula nini.

Mwulize mkulima wa Rungwe, wa Lushoto au wa Marangu amepanda nini mwaka huu. Atakutajia migomba, mahindi, maharage, kahawa, viazi. Matete hatayataja mpaka umwulize ng'ombe wake anakula nini, hapo atainua mkono kuelekea bondeni au kwenye kingo za matuta: “Si yale pale?” Maziwa tunayapima kwa lita na kuyaandika kwenye daftari. Majani tunayahesabu kwa mizigo, na mzigo hauna kipimo. Mimi naona tatizo kubwa la ufugaji wetu wa ndani linaanzia hapo. Tumelifanya jani kuwa kitu cha bure, na kitu cha bure hakuna anayekilisha.

Nimekulia katika nyumba ambayo majani yalikatwa kabla ya chai ya asubuhi. Mama alikuwa na amri moja shambani, na aliirudia kila aliponikabidhi mundu: “Usikate chini kabisa, mwanangu, utaua kisiki. Acha kiganja.” Kiganja kile, sentimita kumi hivi juu ya ardhi, ndicho akiba ambayo mmea unaitumia kuchipua kabla haujapata majani mapya ya kujitengenezea chakula. Wataalamu wa malisho wanafundisha vivyo hivyo. Alijua pia wakati wa kukata na wakati wa kuacha. Tete changa mno ni maji matupu, ng'ombe anajaza tumbo na kuharisha. Tete lililokomaa mno ni ukuni, ng'ombe analinusa na kulisukuma pembeni ya hori. Katikati ya hayo mawili, likiwa na urefu wa mita moja hivi, wiki sita hadi nane tangu lilipokatwa, protini yake ni kama sehemu 8 hadi 10 katika kila 100 za jani kavu, na shina bado linatafunika.

Sasa tuufuate mzigo. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji kama kilo 70 za matete mabichi kwa siku. Mtu akibeba kilo 25 kichwani, hizo ni safari tatu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa kuwa tumbo la ng'ombe halina sikukuu. Na sehemu kubwa ya shingo zinazobeba mizigo hiyo ni za akina mama na watoto. Kwenye vihamba vya Wachaga, yaani mashamba yao ya nyumbani kule mlimani, ng'ombe wamefungwa bandani vizazi na vizazi, maana ardhi iliyojaa migomba na kahawa haina pa kuwaachia wajilishe. Majani mengi yalitoka tambarare, chini ya mlima, yakapandishwa kichwani. Ng'ombe alikula, samadi ikaenda kwenye mgomba, mgomba ukanenepa, na watu kutoka mbali wakaja kuustaajabia ule mpangilio wa kihamba. Wanastahili kuustaajabia. Lakini kila mzigo uliopanda mlima ulikuwa na rutuba ya tambarare ndani yake, na rutuba hiyo haikuteremka tena.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo jambo zima lilipo. Kilo 70 za majani mabichi, maji yakiondolewa, ni kilo 12 hivi za jani kavu. Katika hizo, protini ni karibu kilo moja. Naitrojeni ni asilimia 16 ya protini, kwa hiyo kila siku gramu 150 hivi za naitrojeni zinaondoka shambani zikiwa kichwani kwa mtu. Kwa mwaka mzima zinafika kilo 55 hivi. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Maana yake ng'ombe mmoja, akila matete tu, anaondoa kwenye shamba la majani naitrojeni inayozidi mifuko miwili ya urea kila mwaka, na hapo sijagusa fosforasi, wala potasiamu ambayo matete yanaifyonza kwa pupa.

Nani angevuna mahindi mfululizo kiasi hicho, mara sita au saba kwa mwaka kwenye ardhi ile ile, bila kuweka chochote, halafu ashangae shamba likikataa? Udongo unavumilia, na mizizi ya matete inakwenda mbali, kwa hiyo mwanzoni huoni kitu. Kisha majani ya chini yanaanza kugeuka manjano, mashina yanakuwa membamba, na kisiki kinakufa katikati kikiacha duara la vichipukizi dhaifu pembeni. Mwenye shamba anasema mbegu imechoka, anakwenda kuomba vipando vya aina nyingine kwa jirani. Kumbe mbegu ile ile, ikilishwa, ingeendelea. Na matete yakikonda, safari ya kutafuta majani inarefuka: kutoka shambani kwenda kando ya barabara, kutoka barabarani kwenda kwenye kingo za mto wa kijiji cha pili. Uchovu wa udongo unahamia shingoni mwa mama.

Miradi ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe ilikuwa na busara moja ninayoiheshimu sana: mfugaji alitakiwa kupanda majani na kujenga banda kabla ya kukabidhiwa mtamba. Jani lilitangulia ng'ombe. Kisha ndama jike wa kwanza alikwenda kwa mwenzake, deni likalipwa mbele ya watu, wakapiga vigelegele. Deni la shamba la majani halina shahidi wala vigelegele. Linalipwa na mtu mmoja mwenye ndoo, au halilipwi.

Na linalipika. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Katika naitrojeni anayokula ng'ombe, inayoondoka na maziwa ni robo hivi au chini ya hapo. Inayobaki karibu yote inatoka nyuma yake, sehemu katika kinyesi na sehemu, ambayo mara nyingi inafika nusu, katika mkojo. Kinyesi tunakizoa. Mkojo tunauacha uzame kwenye sakafu ya udongo au utiririke njiani. Ile harufu inayochoma pua ukifungua banda alfajiri ni naitrojeni inayopaa hewani, chakula cha matete kinachopotea mbele ya macho yetu. Sakafu yenye mwinamo kidogo, mfereji, shimo la kukusanyia lenye kivuli juu yake, na matandiko ya kunyonya mkojo vinatosha kuokoa sehemu kubwa. Matandiko yenyewe hayahitaji kununuliwa, kwani mashina magumu ambayo ng'ombe anayabakiza horini yanafaa sana kwa kazi hiyo.

Lakini hata samadi iliyokusanywa vizuri haiendi kwenye matete. Inakwenda kwenye mgomba, kwenye kahawa, kwenye bustani ya mboga, mahali panapoonekana pana fedha au chakula cha mezani. Mijini hali ni mbaya zaidi. Majani yanakatwa mabondeni na kando ya barabara, yanaingia mjini kwa baiskeli na pikipiki, yanalisha ng'ombe wa nyuma ya nyumba, na kinyesi kinaishia mtaroni au kwenye bustani za maua. Bonde lililotoa halipati hata koleo moja. Simlaumu mkulima anayempa mgomba samadi, maana watoto wake wanakula ndizi. Ninachosema ni kwamba maziwa nayo ni chakula cha watoto hao hao, na maziwa yalianza kwenye jani.

Kenya walikwisha kupata njia inayoanza kwa kulipa, nayo ni tumbukiza. Badala ya kupanda vipande kwenye mfereji mwembamba, unachimba shimo la futi mbili kwa mbili, kina chake futi mbili. Udongo wa juu unauweka kando, unauchanganya na samadi, unaurudisha shimoni na kuacha nafasi ya sentimita 15 hivi isiyojazwa. Humo unasimika vipande vitano hadi kumi vya shina, kila kimoja na vifundo vitatu, viwili kati yake vikiwa ndani ya udongo. Ile nafasi iliyoachwa juu inakinga maji ya mvua yasikimbie. Baada ya kila mkato unamimina tena ndoo ya samadi shimoni. Mahali penye mvua haba tofauti inaonekana kwa macho, kwani matete ya tumbukiza yanabaki ya kijani wakati ya jirani yamekunjamana. Ni kazi ngumu kuchimba, sikatai. Lakini ni kazi ya mara moja, na shimo linakuwa karibu na banda badala ya kuwa bondeni.

Nimekaa sana kwenye hori, na matete hayaishii horini. Huko Buganda mashina yake makavu, yakisukwa kwa ustadi, ndiyo yaliyozungushia uzio makao ya Kabaka, na wasukaji wake walikuwa watu wenye heshima ya kazi yao. Lushoto na Rwanda yanashika kingo za matuta: mvua inayoshuka mlimani inagota kwenye visiki, inapunguza mbio, inaacha udongo hapo. Rwanda, ambako mpango wa Girinka umekuwa ukigawa ng'ombe kwa familia maskini tangu mwaka 2006, kingo hizo hizo ndizo shamba la malisho la mtu asiye na shamba la ziada. Wakati wa masika, matete yanapozidi mahitaji, unaweza kuyakatakata, kuyachanganya na molasi na kuyashindilia kwenye shimo au mfuko wa plastiki yawe sileji ya kiangazi. Wachache wanafanya hivyo. Wengi tunayaacha yakomae na kuwa kuni, kisha Septemba tunahangaika.

Kuna tabia moja ya matete inayonistaajabisha zaidi. Jioni, giza linapoanza kuingia, yanatoa harufu inayomvuta nondo wa bungua, yule mdudu ambaye viwavi wake wanatoboa mabua ya mahindi. Nondo jike anaona hapa ndipo pa kutaga. Viwavi wakizaliwa na kuanza kutoboa shina, tete linatoa utomvu wa kunata unaowanasa, na wengi wao wanakufa humo. Watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, katika kituo cha Mbita, kwenye ukingo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, wakiwa pamoja na wenzao wa taasisi ya utafiti ya Rothamsted ya Uingereza, waliitumia tabia hiyo tangu miaka ya 1990 na kutengeneza kilimo cha sukuma-vuta. Matete yanazungushwa pembeni ya shamba ili yamvute nondo, na katikati ya mahindi inapandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, ambao harufu yake inamfukuza. Mizizi ya desmodiamu ina kazi nyingine: inaichochea mbegu ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kuota na kuizuia isishike mzizi wa mhindi, hivyo kiduha kinakufa kabla hakijaiba kitu. Juu ya yote, desmodiamu inakamata naitrojeni ya hewani na kuiingiza ardhini, na yenyewe ni lishe nzuri ya ng'ombe. Shamba la namna hiyo linalipa sehemu ya deni lake lenyewe. Ningependa kila afisa ugani alione kabla hajapangiwa kituo.

Kuna upande wenye huzuni. Tangu miaka ya 1990, kuanzia Bungoma na sehemu nyingine za magharibi mwa Kenya, ulionekana ugonjwa wa udumavu wa matete. Baada ya mkato, kisiki kinatoa vichipukizi vingi vidogo vya manjano, majani yanakuwa mafupi kama ya mmea mwingine kabisa, na mwisho kisiki kinakufa. Unasababishwa na kijidudu kinachoitwa fitoplazma, na unaenezwa na mdudu mdogo anayerukaruka kwenye majani. Lakini unaenezwa pia na mikono yetu. Kwa desturi vipando vya matete haviuzwi kijijini. Unakwenda kwa jirani, unabisha hodi, “Naomba mbegu ya majani, baba,” naye anakukatia fungu na kukuongezea. Ni desturi njema, na ndiyo iliyofikisha matete kila kona. Ugonjwa umesafiri ndani ya ukarimu huo huo. Sitaki tuache kupeana. Nataka tukague kwanza: tusikate kipando kwenye kisiki chenye majani ya manjano na mafupi, na kisiki cha namna hiyo king'olewe na kuchomwa hata kama bado kina mzigo mmoja ndani yake. Zipo aina zinazostahimili magonjwa mbalimbali. Kakamega 1, kwa mfano, ilichaguliwa Kenya kwa kustahimili ugonjwa mwingine, ule wa masizi unaogeuza suke kuwa unga mweusi. Aina hizo zinasaidia, ila kisiki chenye njaa hakina nguvu ya kupigana na chochote.

Jani hili limekwenda mbali. Jina la nepia linatokana na Kanali Napier wa Bulawayo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliihimiza idara ya kilimo ya Rhodesia ilifanyie majaribio kwa mifugo. Mwaka 1913 lilipelekwa Marekani. Brazil imelizalisha na kulichambua kwa miaka mingi, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa kilimo la huko, Embrapa, lilitoa aina ya BRS Capiaçu inayokusudiwa hasa kwa sileji. Thailand walichanganya matete na uwele, ambao nao ni wa Afrika, wakapata Pakchong 1, na sasa vipande vyake vinarudi kwetu vikiuzwa kimoja kimoja kwa jina la super napier. Wafugaji wanavinunua kwa matumaini makubwa. Sioni ubaya wa kununua, lakini inafaa mnunuzi ajue wenzetu walifanya nini hasa. Walilichagua jani, wakalipima, wakalimwagilia, wakalilisha mbolea kila mkato, wakaliandika vitabuni kama zao. Super napier ikifika kwetu na kutupwa kwenye ukingo wa korongo bila samadi, itakonda sawa na matete ya bibi.

Ndiyo maana ombi langu kwa mwenye ng'ombe mmoja au wawili ni dogo na linaweza kuanza wiki hii. Pima mzigo wako mara moja tu kwenye mizani ya dukani, ujue unachoondoa. Gawa samadi yako, na fungu la matete liwe na nafasi yake kama lilivyo fungu la mgomba. Ziba sakafu ya banda, mkojo ufike shimoni. Kabla ya masika chimba mashimo kumi ya tumbukiza karibu na banda, mwakani ongeza kumi mengine. Na kwa maofisa wetu wa mifugo na kilimo, tafadhalini, mnapoandika takwimu za kijiji, chini ya mahindi na maharage wekeni mstari wa matete: ekari ngapi, yamekatwa mara ngapi, yamepata samadi kiasi gani. Kwa kisiki kinachokatwa kila wiki sita hadi nane, ndoo ya samadi inatakiwa kufika shambani kabla panga halijarudi.